Ua la Kahawa Lililodhaniwa Asumini



Bibi harusi mmoja wa huku kwetu Manyovu, milimani Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, alikataa waridi kwenye gauni lake la nikaha. "Dada, waridi kila mtu analo. Mimi nitarizie ua la kahawa. Kahawa ndiyo iliyonisomesha." Nikakubali upesi. Niliposhika penseli ndipo nikagundua kwamba nimekulia kati ya mibuni na ua lenyewe sijawahi kulitazama sawasawa.

Nikachora kwa kumbukumbu tu: petali tano nyeupe zenye ncha, basi. Nikatarizi kipande cha mfano. Mama yake akakigeuza mara mbili, akasema, "Mwanangu, hii ni asumini ya watu wa pwani. Ua letu liko wapi?"

Niliona haya. Baadaye nikaja kusoma kwamba kosa langu wameshalifanya wasomi wakubwa.

Kahawa hii ya arabika asili yake ni milima ya Ethiopia, lakini walioipa heshima ni Waislamu wa Yemen. Katika karne ya 15 masufi wa huko waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, akaipiga marufuku, na marufuku yake haikudumu. Wazungu waliikuta Misri ikiwa ni kinywaji cha kila siku. Daktari mmoja Mwitaliano, Prospero Alpini, aliuona mbuni katika bustani ya Mturuki mjini Kairo, na mwaka 1592 akachapisha mchoro wake katika kitabu kilichotoka Venice. Ni tawi na majani matupu! Hakuna ua, hakuna tunda.

Mimi simlaumu. Ua la kahawa halimsubiri mtu. Ukavu ukikatika, mvua za kwanza zikinyesha, baada ya siku kama kumi mashamba yote yanakuwa meupe na harufu inafika mpaka barabarani. Siku ya tatu ua limeshaanza kuwa la kahawia. Ukichelewa, subiri mvua nyingine.

Zaidi ya miaka 100 ilipita. Katika miaka ya 1710 Mfaransa Antoine de Jussieu alipata mbuni uliotoka bustani za Amsterdam, akaueleza na kuuchora. Alipoona ua jeupe, bomba jembamba na harufu ile, akauita asumini ya Arabuni. Ninyi wa visiwani, mnaofunga vikuba vya asumini, mngemcheka. Mwaka 1737 Carl Linnaeus wa Sweden akaitenga kahawa na asumini. Yeye alikuwa akihesabu vijiti vya chavua: asumini ina viwili, vimejificha ndani ya bomba; kahawa ina vitano, vimesimama nje, kila kimoja katikati ya petali mbili. Mwaka 1753 akaipa jina inalotumia hadi leo, Coffea arabica.

Vijiti vitano. Ndivyo mama yule alivyokuwa akivitafuta kwenye kitambaa changu, na yeye hajasoma kitabu cha Linnaeus.

Jambo jingine lilinitia moyo. Katika Sahih Bukhari, mtu mmoja alimjia Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, akamwambia kwamba riziki yake inatoka katika kazi ya mikono, anatengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea onyo la Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mpaka uso wa yule mtu ukabadilika. Kisha akamwelekeza: kama huna budi, chora miti na kila kisicho na roho. Sisi mafundi tunaoombwa kutarizi ndege na tausi, hapo ndipo penye njia yetu.

Basi nikasubiri mvua. Alfajiri moja baada ya swala nilikwenda shambani kwao na daftari, nikakaa chini ya mbuni. Niliona maua hayakai moja moja kama nilivyochora. Yamejazana pale jani linapoungana na tawi, huku na huku. Jani lenyewe ukingo wake una mawimbi, na mimi nilikuwa nimelinyoosha kama la mwembe. Tabu ikabaki moja: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe haukuonekana. Nilifumua mara tatu. Mwishowe nikatarizi majani kwanza, kwa kijani kilichokolea, kisha maua juu yake, na vijiti kwa uzi wa rangi ya maziwa.

Nilipopeleka mkono wa kwanza wa gauni, mama aliupeleka mlangoni penye mwanga, akahesabu vijiti kwa ukucha, ua baada ya ua. Katika ua moja vilikuwa vinne. Akanirudishia.