Shule ya Zamu ya Usiku

Nilipoacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili, mamangu hakunifokea. Aliniambia tu, "Sawa. Lakini usije ukaniambia ati hukuwa na wakati." Nilinuna wiki nzima. Siku hizi naishi kwa kuandika makala, na nilipoanza kufuatilia historia ya wauguzi wa Kenya ndipo nilipoelewa alichomaanisha.

Mama ni muuguzi. Tunaishi Ruiru, na kazi yake iko Thika, kama kilomita 20 kwa matatu. Alianza na cheti, kama wengi wa rika lake. Baada ya uhuru, nchi ilihitaji wauguzi wengi na kwa haraka, wa kujaza zahanati na hospitali za mashinani, na mafunzo ya cheti ndiyo yaliyowatoa upesi. Hao ndio waliozalisha akina mama, wakachanja watoto, wakakesha wodini. Lakini kwenye karatasi walikuwa chini ya wenzao wa diploma, hata pale zamu ilipokuwa moja na mgonjwa ni yuleyule.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Wodi zilijaa wagonjwa wa Ukimwi na kifua kikuu, na ARV zilikuwa zimeanza kufika hospitali za umma. Baraza la Wauguzi la Kenya likataka wauguzi wa cheti wapande hadi diploma. Walikuwa zaidi ya 20,000. Madarasa ya kawaida yaliweza kupandisha kama 100 hivi kwa mwaka. Piga hesabu: miaka 200! Na hata kama nafasi zingepatikana, wote wakienda darasani nani angebaki na wagonjwa?

Jibu likawa kuwapelekea shule kazini. Wazo hilo halikuwa geni hapa kwetu. Mwaka wa 1967 kitengo cha masomo ya posta kilianzishwa Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi, na walimu wa msingi wakaanza kusomea huko waliko kwa barua na redio. Zamu ya wauguzi ilifika 2005. AMREF, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya, KMTC na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya diploma kwa kompyuta. Muuguzi alisoma nadharia akiwa kazini kwake, kisha akafanya mazoezi hospitalini chini ya wasimamizi, kwa sababu huwezi kujifunza kuzalisha kwa kutazama skrini.

Usifikirie intaneti ya leo, lakini. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo mtandao wetu ulipitia setilaiti, ghali na wa kusuasua. Mama alikuwa na sidii ndani ya bahasha ya kaki, na notsi zilizochapishwa. Nilikuwa darasa la tatu. Akitoka zamu ya usiku alishuka Ruiru mjini, akaingia saiba, akalipia saa moja, ndipo aje nyumbani. Barabara ya Thika ilipoanza kupanuliwa, safari ikawa ya foleni na vumbi hadi ilipofunguliwa rasmi Novemba 2012. Alisoma ndani ya matatu. Dadangu mkubwa, akiwa darasa la saba, ndiye aliyepika, akanivisha sare na kunikagua kucha.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaosifia masomo ya mbali. Ni kweli yalifungua mlango ambao darasa lisingefungua, na maelfu walipita. Lakini ukiangalia vizuri, saa za masomo hazikutoka mbinguni. Hazikutoka kwa mwajiri pia, angalau si kwa mama. Zilitoka kwenye usingizi wake na kwenye utoto wa dadangu. Nchi ilipata muuguzi wa diploma bila kupoteza zamu yake hata moja. Tukisema "alisoma akifanya kazi" tunasema kama pongezi, na anastahili, lakini hayo pia ni maelezo ya nani alilipa.

Alipohitimu hakukuwa na sherehe kubwa. Tulikula pilau, akalala mchana kutwa. Mimi na dada tukafunga mlango wa chumba chake polepole.

Sasa ana miaka hamsini na kitu na anasomea digrii ya uuguzi, tena kwa mbali, tena akiwa zamu. Zama zimebadilika: masomo yako ndani ya simu, na hakuna saiba ya kulipia. Mimi, niliyeacha chuo, ndiye ninayempakia kazi zake mtandaoni usiku wa mwisho wa makataa. Juzi nilimwuliza kwa nini anajisumbua na amekaribia kustaafu. Akasema kuna wasichana wodini waliokuja na digrii zao, na anataka kuelewa wanachosema kwenye kikao bila kutafsiriwa.

Kisha akaniuliza, "Na wewe?"

Nilimwambia nitafikiria. Sikumwambia sina wakati. Safari hii nimeamua pia kuuliza mapema: nikirudi, saa za kusoma zitatoka wapi, na nani atapika?