Modeli ya CAM

Modeli ya CAM ni umbo la kifaa ndani ya kompyuta, pamoja na maelezo yote yanayoiwezesha mashine inayoongozwa kwa namba (CNC) kukikata: kipande ghafi ni cha chuma gani na kina ukubwa gani, kitashikwaje, sifuri ya vipimo iko wapi, vikataji gani vitatumika na kwa mwendo upi. Mchoro wa CAD, yaani wa usanifu kwa kompyuta, huonyesha kifaa kikiwa tayari; namna ya kukifikia hausemi.

Kazi ya kuongoza mashine kwa namba ilianzia Marekani. John T. Parsons wa Traverse City, Michigan, alitumia hesabu za mashine kupata violezo vya mapanga ya helikopta, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya milingi iliyosoma mkanda wa karatasi uliotobolewa. Mwishoni mwa muongo huo Douglas T. Ross na wenzake walitoa lugha ya APT. Amri zinazotumika leo, msimbo wa G, zilipata kiwango cha ISO 6983 mwaka 1982.

Mfano wa makala hii unatoka Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, ambao tangu mgawanyo wa 2025 umo katika mkoa wa Burunga. Uwanda wa Imbo unaozunguka mji huo ndio kitovu cha michikichi nchini, na mafuta ya mawese hukamuliwa humo katika vinu vidogo, vingine vya kusukuma kwa mkono na vingine vya injini. Kinu cha injini hutetemeka mchana kutwa, na kinachochakaa mapema ni flenji inayounganisha shafti mbili. Ikishakwisha, mara nyingi haina mchoro popote. Kilichopo ni chuma kilicholika.

Hapo ndipo wengi hukosea. Flenji iliyochakaa haipaswi kunakiliwa kama ilivyo, kwa kuwa kalipa hupima uchakavu kwa uaminifu ule ule inaopimia chuma kizima. Tundu la boliti likisoma milimita 14.6 upande mmoja na 13.7 upande wa pili, modeli isichorwe na tundu la umbo la yai. Mpimaji hutazama boliti yenyewe: ni M12, na tundu lake la kawaida ni milimita 13.5. Shafti ya milimita 30 nayo, kwa kiwango cha DIN 6885, huchukua ufunguo (kipande cha chuma kinachoifunga shafti na flenji zizunguke pamoja) wenye upana wa milimita 8 na kimo cha 7. Viwango hurudisha kifaa kwenye nia ya aliyekibuni, na fundi mwenye jedwali la viwango hivyo ukutani ana faida kuliko mwenye skana ya bei kubwa.

Baada ya umbo kuja mpangilio wa kazi. Tuseme flenji ina unene wa milimita 16 na matundu manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 90. Tundu la katikati limekwishakerezwa kwenye lethi, basi sifuri ya X na Y iwe katikati yake, si kwenye kona ya kipande. Matundu yataangukia milimita 31.82 kutoka sifuri kwa X na kwa Y, na kosa la ukingo wa nje halitayagusa. Sifuri ya Z huwekwa kwenye uso wa juu ikiwa umekwisha kusawazishwa. Jiliwa au chaki inayoshika kipande nayo ichorwe ndani ya modeli. Programu isiyoona taya za chaki itapitisha kikataji juu yake bila kusita.

Kina cha keekee kinataka hesabu ya pekee. Ncha ya nyuzi 118 yenye kipenyo cha milimita 13.5 ina kimo cha takriban milimita 4, kwa hiyo tundu la kupita moja kwa moja linahitaji kina cha 20 na ushei, pamoja na nafasi tupu chini ya kipande. Asiyeacha nafasi hiyo hutoboa meza ya mashine.

Mwendo hutokana na kipenyo na chuma. Kikataji cha kabidi cha milimita 10 kwa mita 100 kwa dakika huzunguka takriban mara 3,180 kwa dakika. Kikiwa na meno manne, kila jino likila milimita 0.05, meza husogea kama milimita 640 kwa dakika. Chuma cha ekseli ya lori iliyotupwa, ambacho daraja lake halijulikani, kianzwe chini ya hapo.

Mfereji wa ufunguo ndani ya tundu la katikati hufichwa kwenye modeli ya milingi, kwa sababu kikataji kinachozunguka hakiwezi kuacha pembe kali; huchongwa baadaye kwa mashine ya kuparuza au kwa tupa.

Mwisho programu ndogo iitwayo posti hugeuza njia za vikataji kuwa msimbo wa mashine husika. Mistari ya kwanza ndiyo ya kusomwa kwa macho: G21 kwa milimita, G54 kwa sifuri iliyochaguliwa. Penye umeme wa kukatika, kila kikataji kipewe faili lake, ili kazi iendelee kutoka mwanzo wa hatua na sifuri itafutwe upya katikati ya tundu lile lile.