Waliotulaza Njiani: Historia Isiyokuwa Kwenye Liste



Kazi yangu ya terrain ni kutembea na fishi. Kwenye fishi kuna swali moja: mulirudi namna gani? Majibu ni mawili tu, msafara wa HCR ao spontane. Siku moja niliuliza Papa mmoja wa mutualite yetu, akiwa ameketi na mke wake kando ya nyumba. Akaweka kidole kwenye "spontane", kisha akacheka. "Andika hivi, mutoto wangu: tulirudishwa na watu."

Maneno yale yalinifuata hadi nyumbani, kwa sababu yanagusa sehemu ya historia yetu ambayo haikuandikwa.

Ile iliyoandikwa tunaijua. Mwezi wa 10, mwaka 1996, vita ya AFDL ilifika Uvira, na watu wengi wa Uvira na Fizi wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Vita ya pili ilianza mwezi wa 8, 1998, na mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka ule yakasukuma wengine tena kwenye mitumbwi. Serikali ya mpito iliingia mwaka 2003. Mwezi wa 10, 2005, meli za HCR zikaanza kuleta wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka. Walioshuka pale walihesabiwa, wakapewa bache, sufuria na chakula cha kuanzia.

Lakini wengi hawakungoja meli. Papa na Mama hawa walikuwa kati yao.

Ilikuwa miezi michache mbele ya meli za kwanza. Mvuvi mmoja aliwaletea habari kambini: mzee, baba ya Papa, hana nguvu tena, na watu wameanza kuuliza nani atasimama kwenye mashamba yake. Mama alikuwa anapika maharagwe. Anasema yalikuwa bado hayajaiva wakati alipomwambia bwana wake: "Tuende kesho." Hawakuaga ofisi yoyote. Walipanda boti ya mbao usiku, wakashukia Kalundu, pale Uvira, na kifurushi kimoja. Kutoka Uvira hadi Baraka ni chini kidogo ya kilomita 100. Pesa ya gari hawakuwa nayo. Wakashika barabara kwa miguu, ziwa likiwa upande wa kushoto na milima upande wa kuume.

Makobola waliingia na mvua ya magaribi. Mlango wa kwanza haukufunguka, na Papa hawalaumu: wakati ule mgeni wa usiku aliweza kuwa mpelelezi wa watu wenye bunduki. Mlango wa pili, mama mzee aliwatazama, akauliza jambo moja tu: "Mulisha kula?" Walipotaka kujieleza wao ni nani na wa ukoo gani, aliwakata: "Ile maneno ya majina tutaongea asubui." Aliwapa bugali na ndagala kidogo, akawaachia mukeka wake. Mjue alikuwa anaishi mahali ambapo watu waliuawa na wageni wenye silaha, na miaka haikuwa mingi.

Mboko ndiko walikaa zaidi. Mguu wa Mama ulikuwa umevimba, na familia ya mvuvi ikawakatalia kuondoka. Tunajua wote ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, kweli, Papa alipewa jembe, akalima muhogo pamoja na wenye nyumba. Anasema siku ile ndipo alianza kusikia amefika inchi yake, kwa maana katika kambi alikuwa mtu wa kupanga mstari na kupewa. Walipoondoka, mwenye nyumba aliwafungia miti ya muhogo ya kupanda.

Upande wa Lusenda walilala mwa mzee mwenye lubunga, ile nyumba ambamo wanaume wa Kibembe huketi, hukata maneno na kupokea mgeni. Kesho yake kijana wa mzee aliwasindikiza. Kisha wakavuka Mutambala, wakaingia Baraka, na siku ile ile wakafika kwao. Mzee alikuwa bado hai. Miti ile ya Mboko ndiyo ilianzisha shamba lao.

Kwa nini watu walifungua? Desturi ipo, ndiyo. Lakini minafikiri kuna sababu nyingine: karibu kila nyumba ya barabara ile ilishakuwa mgeni ao mwenyeji. Mwaka 1972 Warundi walikimbilia kwetu. Wakati wa uasi wa 1964 na 1965 wazee wetu walijificha porini na kuvuka ziwa. Mwaka 1996 tulipokelewa Tanzania. Na mwaka 2015 Warundi wamerudi tena kutafuta usalama, na kambi yao ikafunguliwa pale pale Lusenda, kwenye barabara ile ile. Zamu inazunguka.

Naandika haya kwa sababu kati yetu kuna pendekezo kwamba sanduku la mshikamano lisaidie tu wenye karatasi ya HCR. Naelewa sababu: pesa ni kidogo, na wafadhili wanahitaji ushahidi. Lakini Papa na Mama hawa hawana karatasi ile, wala hawataipata. Na wale waliowalaza hawatakuwa nayo kabisa, maana hawakukimbia mwaka ule, ao walikimbia porini tu. Leo tunagombana nao juu ya mipaka ya mashamba, tunawaita "waliobaki", nao wanatuita "watu wa Nyarugusu". Tukisahau nani alitulaza, ugomvi ule utakomaa.

Naomba mambo mawili. Kwanza, ushahidi wa majirani watatu uwe sawa na karatasi. Pili, kila aliyerudi spontane alete kwa sekretari habari za nyumba alizolala: mahali, mwaka, na jina kama analijua. Wafadhili wetu wanaweza kuona kutoka hapo kwamba msaada wa kwanza ulitoka kwa maskini wa barabarani.

Mama wa Makobola, jina lake hawalijui. Asubuhi ile aliwahi shambani mbele hawajaamka, na maneno ya majina hayakuongewa. Kwenye fishi yao niliweka alama penye "spontane", sina namna. Lakini chini, kwenye nafasi ya maelezo, niliandika: walirudishwa na nyumba tatu, Makobola, Mboko na Lusenda.