Wimbo wa kilobaiti 40: historia ya sikwensa ndogo, ikitazamwa kutoka Liboi

Leo tuweke kando hifadhidata na seva, tuzungumze muziki. Msiogope, sijaiacha kompyuta! Nataka tuangalie programu za kutengenezea muziki ambazo hazitajwi sana: zilikotoka, zinavyofanya kazi ndani, na kwa nini sisi watu wa Liboi tuna sababu ya kuzijali.

Wengi wenu mkisikia programu ya muziki mnawaza FL Studio. Ilianza Ubelgiji mwishoni mwa 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin na kampuni ya Image-Line, na imeenea sana kwenye studio ndogo za Afrika Mashariki. Sina ugomvi nayo. Lakini kabla yake, na pembeni yake, kuna ukoo mzima wa programu ndogo ndogo. Nyingi zilitengenezwa na mtu mmoja au wawili, na nyingi zilitolewa bure.

Kwanza, sikwensa ni nini?

Kwa lugha rahisi, sikwensa inaandika amri. Kinasa sauti ni kama mpiga picha: kinachukua kila kilichopo mbele yake. Sikwensa ni kama karani. Inaandika kwamba wakati huu pigwe noti hii, kwa nguvu hii, halafu iachiwe. Mpigaji akija baadaye, awe ni kinanda au kompyuta, anasoma na kutii.

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walianza kutumia lugha moja ya amri hizo, nayo ni MIDI. Waliosukuma kazi hiyo zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa Roland. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya kiufundi kwa ajili yake. Ukiifungua MIDI utashangaa jinsi ilivyo ndogo. Kupiga noti moja ni baiti tatu tu: ya kwanza ni aina ya amri, ya pili ni namba ya noti kuanzia 0 hadi 127, ya tatu ni nguvu ya kupiga, nayo pia 0 hadi 127.

Haya, tupige hesabu. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja baiti 2, kwa chaneli 2. Hizo ni baiti 176,400 kila sekunde. Wimbo wa dakika nne unakula zaidi ya megabaiti 42. Sasa tuseme wimbo huohuo una noti 5,000. Kila noti inahitaji amri ya kuanza na amri ya kuachia, baiti tatu kila moja, pamoja na angalau baiti moja ya muda kabla ya kila amri. Jumla ni baiti nane kwa noti, yaani kama baiti 40,000. Kilobaiti 40! Disketi moja ya zamani ingebeba nyimbo zaidi ya thelathini.

Hasara yake? Sauti ya mwimbaji haimo. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Traka: muziki unaoteremka kama msimbo

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iitwayo Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga. Amiga ilikuwa na chipu ya sauti yenye chaneli nne, kwa hiyo programu ilikuwa na safu nne. Wakati unateremka kutoka juu kwenda chini, mistari 64 kwa kila kipande. Kwa macho ya mtu wa programu inafanana kabisa na msimbo:

00 | C-2 01 | --- --
01 | --- -- | --- --
02 | --- -- | G-3 02
03 | --- -- | --- --
04 | C-2 01 | --- --
05 | --- -- | --- --
06 | --- -- | G-3 02

Hapo ala namba 01, tuseme ngoma nzito, inapigwa kwenye mstari 00 na 04. Ala namba 02 inaingia katikati. Basi! Mtu akisoma mistari hiyo anaweza kuigonga mezani kwa vidole.

Ujanja wa traka uko kwenye faili. MIDI inabeba amri peke yake, kwa hiyo wimbo mmoja unasikika tofauti kwenye kila kinanda. Faili ya traka inabeba amri pamoja na vipande vifupi vya sauti halisi: pigo moja la ngoma, mguso mmoja wa uzi. Ikifunguliwa popote inasikika vilevile. Tena unaona kila kitu ndani yake, kama vile unavyoangalia msimbo wa ukurasa wa HTML. Vijana wengi wa Ulaya walijifunza kutunga kwa kufungua faili za wenzao na kuchunguza zilivyojengwa.

Wengine wakaendeleza. ProTracker ilikuja kwenye Amiga. FastTracker 2 ilitoka kwa kundi la Triton la Uswidi mwaka 1994, na Impulse Tracker ya Jeffrey Lim wa Australia mwaka 1995, zote kwa DOS. Mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Uswidi aliingiza traka ndani ya Game Boy, kile kifaa cha michezo cha watoto, akaiita LSDJ. Siku hizi zipo OpenMPT na MilkyTracker, zote programu huria, na SunVox ya Alexander Zolotov, iliyoanza 2008 na inayokubali hata kwenye simu. MilkyTracker nimeiweka kwenye kipakatalishi kizee chenye RAM ya megabaiti 512, na haikukwama hata mara moja.

Sasa Liboi inaingiaje hapa?

Kwa wasiokujua, Liboi ni mji wa mpakani katika kaunti ya Garissa. Kutoka hapa hadi Somalia hazifiki kilomita 20, na mji unaofuata ng'ambo ni Dhobley. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, maelfu ya watu walivuka kupitia hapa. Liboi yenyewe ilikuwa na kambi ya wakimbizi kabla haijafungwa, na kambi za Dadaab zilizobaki zilifunguliwa miaka hiyohiyo ya 1991 na 1992.

Mogadishu ya miaka ya 1980 ilikuwa na bendi kubwa kama Iftin na Dur-Dur: magitaa, tarumbeta, ngoma, kinanda. Ni nani anayekimbia vita akiwa amebeba seti ya ngoma na spika? Bendi zilitawanyika. Baada ya hapo, muziki wa Kisomali wa uhamishoni, kuanzia Eastleigh hadi London na Minneapolis, mara nyingi ulibaki kuwa mwimbaji mmoja na mpiga kinanda mmoja. Wapenzi wa bendi za zamani hulalamika kwamba kinanda kiliua muziki. Mimi nasema kinanda kiliubeba muziki wakati ambapo hakuna kingine kilichoweza kubebwa.

Na hapa ndipo penye sikwensa ambayo watu hawaioni. Vinanda vile vya harusini vyenye midundo ya kujipiga vina sikwensa ndani. Mdundo unaouchagua kwa kubonyeza kitufe ni faili. Kwenye vinanda vya Yamaha, kwa mfano, faili hiyo ina MIDI ya kawaida ndani yake, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuifuata kodi inayoshikwa na mkono wa kushoto. Kwa hiyo inaweza kuhaririwa! Mpiga kinanda si lazima abaki na rumba na disko za kiwandani. Anaweza kuandika dhaanto, ngoma ya Wasomali yenye mwendo ambao wengi wanausikia kama reggae, akaiweka kwenye kinanda chake.

Upande wa noti pia tuna bahati. Muziki wa Kisomali unatumia zaidi ngazi ya noti tano. Vitufe vyeusi vya kinanda ni vitano katika kila oktava, na peke yake vinatoa ngazi ya aina hiyo. Kwa namba za MIDI ni 61, 63, 66, 68 na 70. Mtoto yeyote anaweza kuanza hapo.

Kanda zilizozikwa

Si Wasomali peke yao. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, vita na gharama vilifanya iwe vigumu kuita kikundi kizima cha larakaraka kwenye harusi. Kuanzia miaka ya 2000 mtayarishaji Leo Palayeng aliuandika mdundo huo kwenye kompyuta, na Otim Alpha akaimba juu yake. Nyimbo zao zilikusanywa kwenye albamu ya Gulu City Anthems mwaka 2017. Sababu ni zilezile: vita, umaskini, na mashine ndogo inayofanya kazi ya watu kumi.

Lakini turudi kwenye ile hasara. Wimbo wa Kisomali ni shairi kwanza, na shairi halikai kwenye baiti tatu. Hargeisa iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, watu wa Radio Hargeisa walificha kanda, nyingine wakazifukia ardhini, nazo zilikuja kufukuliwa baadaye. Leo kituo cha utamaduni cha Hargeisa kinatunza kanda zaidi ya 10,000. Mwezi Aprili 2010 redio za Mogadishu ziliamriwa na wapiganaji kuacha muziki, zikajaza nafasi kwa sauti za mawimbi na milio ya risasi. Dhobley nayo, hapo ng'ambo tu, ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab hadi 2011. Kwetu sisi, kuhifadhi wimbo si mchezo wa kujifurahisha.

Ndiyo maana sasa naona tunakosea upya. Kijana anatengeneza wimbo Garissa, anatoa MP3 moja, inazunguka kwa simu na memori kadi. Kompyuta inaharibika au inauzwa, na faili ya kazi inapotea. Inabaki picha bila karani: hakuna awezaye kuitoa ngoma peke yake, kujifunza mdundo, au kuupa mwimbaji mwingine. Na hata faili ya kazi ikibaki, kama ni ya programu ya kulipia, huenda miaka ishirini ijayo isifunguke. Faili za MOD za zamani zinafunguka mpaka leo, kwa sababu muundo wake unajulikana na watu wengi wameandika programu za kuusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mtengeneza muziki, wa Liboi na kwingineko: ukimaliza wimbo, weka vitu vitatu kwenye folda moja. Sauti ya mwimbaji peke yake, katika WAV. Midundo na vinanda, katika MIDI au faili ya traka. Na maneno ya wimbo, katika faili ya kawaida ya maandishi. Nakili folda hiyo sehemu mbili. Waliofukia kanda Hargeisa walihitaji sepetu. Nyinyi mnahitaji dakika tano na kadi ya memori.

Tukutane wiki ijayo, tunarudi kwenye seva!