Huyo Flynn Alipanda Nini?

Hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, ukitaka mazungumzo yatakayofika hadi giza liingie, kaa barazani na mzee aliyesoma enzi za Wabelgiji, halafu umtajie kijana aliyepata diploma juzi. Atakuapia kwamba sertifika ya darasa la sita ya zamani inaishinda diploma ya sasa. Siku hizi, atasema, kwenye egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, mtoto anachagua herufi tu, basi kafaulu. Kabambare utasikia hayohayo, ila kule lawama huanzia kwenye vita vya tangu 1996, shule kufungwa na walimu kukimbia. Hukumu haibadiliki: watoto wa leo hawana akili.

Wapima akili wana istilahi ya jambo linaloelekea kusema kinyume. Mwaka 1984 James Flynn, mwalimu wa siasa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alikusanya matokeo ya mitihani ya akili ya Wamarekani ya kuanzia 1932 hadi 1978. Akakuta kwamba watu wakipewa mtihani uliotungwa kwa ajili ya waliowatangulia, wanawapita. Kwa miaka 46 alama zilikuwa zimepanda karibu 14. Mwaka 1987 akaonyesha mwelekeo huohuo katika nchi 14. Kwa Kiingereza jambo hilo huitwa “Flynn effect”, ila jina lake hakulibandika mwenyewe. Richard Herrnstein na Charles Murray ndio waliolitia kitabuni mwaka 1994.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “athari ya Flynn”. Silipendi. Masikioni petu athari ina kidonda ndani yake: athari za mafuriko, athari za vita. Tena Flynn anaonekana ndiye aliyewatenda watu jambo, na yeye alihesabu tu. Nikaona heri “mpando wa Flynn”, kwa kuwa kinachosemwa ni kupanda kwa alama. Na IQ, kama alama hizo zinavyoitwa kwa Kiingereza? Wapo wanaotaka tuiite mgao wa akili, kwa sababu mwaka 1912 Mjerumani William Stern aliugawa umri wa akili wa mtoto kwa umri wake wa kuzaliwa. Lakini leo hakuna anayegawa. Mtu hulinganishwa na wa rika lake, na wastani wa rika huwekwa kuwa 100. “Alama za akili” zinatosha, na neno alama linatukumbusha kwamba aliyezitoa ni mtahini.

Shida kubwa imo katika neno akili lenyewe. Tumelipata kwa Kiarabu, na shina lake ndilo la kamba ya kumfungia ngamia mguu asipotee. Mzee wa Kasongo angali anaisikia hiyo kamba. Flynn alizoea kutoa mfano wa swali la mbwa na sungura. Mimi nikamtoa sungura nikamweka simbilisi, nikamuuliza jirani yangu, mkulima wa mpunga:

“Baba, mbwa na simbilisi wanafanana nini?”

Akanitazama kama mtu aliyenisikitikia. “Mbwa anamkimbiza simbilisi mpaka wavuni. Sasa wafanane nini?”

Mjukuu wake wa darasa la tano akadakia: “Wote wanyama, tena wananyonyesha!”

Kwa mtahini, mtoto kapata alama zote na babu kaambulia sifuri. Babu akageuka: “Wewe huna akili. Wakubwa wanaongea, unaingia katikati?” Kisha akaokota punje ya mpunga mkekani, akaing’ata, akasikiliza mlio wake. Bado jua la siku moja, akasema.

Basi alama na akili zilikuwa zimepishana hapohapo mkekani. Zinazopanda ni za swali la namna ile, la kuviondoa vitu mahali pake na kuvipanga kwa makundi, na shule ndiyo inayolizoesha. Katika miaka ya 1950 André Ombredane na wenzake waliwapa Wasalampasu wa Kasai mtihani wa maumbo wa Raven, wakaurudia kwa watu walewale, na matokeo yakapanda. Ubongo haukubadilika kwa muda huo. Kwa watoto, mfano wa karibu ni Embu, Kenya: kati ya 1984 na 1998 alama za watoto wa vijijini zilipanda sana, na watafiti wakataja wazazi wanaojua kusoma, familia ndogo zaidi, chakula na afya. Afya kwetu si habari ya kuazima. Timu ya Mradi wa Kasongo, ikishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ilichapisha mwaka 1981 katika The Lancet takwimu za chanjo ya surua na uhai wa watoto wetu wa miezi 7 hadi 35.

Wala kupanda si ahadi. Nchini Norway, ambako vijana wa kiume walipimwa walipoitwa jeshini, alama zilipanda hadi kwa waliozaliwa 1975, kisha zikashuka. Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg walionyesha mwaka 2018 kwamba kushuka kulionekana hata kati ya ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo si suala la damu. Wazee wetu hawana kipimo cha namna hiyo. Wao wanawaweka wachache waliochujwa na misheni mwaka 1955 mbele ya darasa lililofurika tangu shule ya msingi itangazwe bure 2019. Hapo hata mimi ningeshindwa.

Nilimrudia yule babu na istilahi yangu, nikijivuna kidogo. Nikamwambia ugunduzi huo unaitwa mpando wa Flynn.

“Huyo Flynn,” akauliza, “alipanda nini?”

Nimefuta. Sasa naandika “ongezeko la Flynn”.