Bei Iliyotajwa na Bei Iliyolipwa



Wapendwa wanaparokia, katika jumuiya ndogondogo za huku Kinyala nimeulizwa zaidi ya mara moja swali linalofanana. Muuzaji anatangaza bidhaa yake kwa njia ya simu, wanunuzi wanashindana kutaja bei, mmoja anashinda na kukubaliwa. Ndipo muuzaji anapoleta hesabu ya pili: kuna ada ya kufungasha, kuna nauli ya basi, kuna “kodi” isiyoelezwa ni ya nani, na mwisho, “tuma pamoja na ya kutolea.” Je, hiyo ni dhambi, au ndivyo biashara ilivyo? Kabla sijajibu nimeona vema tupitie historia kidogo, kwa maana jambo hili ni la kale kuliko simu, na ni la kale kuliko Kanisa lenyewe.

Warumi walipenda minada. Mali ya marehemu, mali ya wadaiwa na hata mateka wa vita viliuzwa kwa sauti ya mnadi, na aliyetaja bei ya juu ndiye aliyechukua. Kaisari Augusto, yule yule ambaye Mwinjili Luka anamtaja kwa habari ya sensa, aliweka kodi ya asilimia 1 juu ya vitu vilivyouzwa kwa njia hiyo, na fedha ikapelekwa katika hazina ya askari. Watu walinung’unika. Mwaka 15 B.K. walimwomba Kaisari Tiberio aifute, naye akakataa. Mwaka 17 akaipunguza kwa nusu.

Kuhusu uuzaji wa watumwa kulikuwa na kodi nyingine, nayo ilikuwa asilimia 4. Mwaka 57 Kaisari Nero alitangaza kwamba mnunuzi ameondolewa mzigo huo, na tangu hapo atalipa muuzaji. Mwanahistoria Tacitus, ambaye hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi, anatueleza kwamba msamaha huo ulikuwa wa sura tu: wauzaji walilipa kama walivyoamriwa, kisha wakaiongeza kodi hiyo ndani ya bei, na mnunuzi akabaki pale pale alipokuwa. (Juu ya binadamu mwenyewe aliyesimamishwa pale auzwe, Tacitus hasemi neno. Nasi tusiipite aibu hiyo kana kwamba ni suala la asilimia tu.)

Mwaka uliofuata, yaani 58, malalamiko dhidi ya watoza ushuru yalizidi hata Nero akafikiria kufuta ushuru wote kwa mara moja. Wazee wa baraza walimzuia, wakamwambia kwamba dola itaanguka. Akachukua njia nyingine ambayo mimi naiona kuwa ya busara, ingawa imetoka kwa mtu aliyekuja kuwatesa Wakristo: aliamuru kwamba kanuni za kila ushuru, ambazo hadi wakati huo zilikuwa zimefichwa, zibandikwe hadharani ili kila mtu azisome. Tuelewe maana yake. Mtoza ushuru alikuwa akitajirika kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kiwango halisi. Maskini aliyesimama mbele yake hakuwa na namna ya kujua ni sehemu gani inakwenda kwa Kaisari na sehemu gani inaingia katika mfuko wa anayedai.

Wataalamu wengi wa Maandiko wanaiweka barua ya Mtume Paulo kwa Warumi karibu na miaka hiyo hiyo. Katika sura ya 13 anawaagiza waamini walipe kodi na ushuru kwa wanaostahili. Hakuwaandikia watu walioishi mahali pa raha. Aliwaandikia wakazi wa mji uliokuwa ukichemka kwa manung’uniko ya kodi. Na miaka karibu thelathini kabla yake, kando ya Yordani, Yohane Mbatizaji aliulizwa na watoza ushuru wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kutoza zaidi ya kile walichopangiwa. Mafundisho haya mawili lazima yasomwe pamoja, kwa sababu anayelihubiri la Paulo na kulisahau la Yohane anamtwisha mnyonge mzigo wote.

Sasa tuje kwetu pwani. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia mkataba wa biashara na Marekani, iliyowakilishwa na Edmund Roberts. Ndani yake mliwekwa sharti ambalo laiti lingebandikwa katika kila duka: meli za Marekani zitalipa asilimia 5 ya thamani ya shehena iliyoshushwa, na hiyo ndiyo itakuwa malipo yote. Hakuna tena ada ya nanga, wala ya rubani wa bandari, wala ya leseni, wala tozo nyingine ya jina lolote. Wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba kiwango cha ushuru si taabu. Taabu ni ada ndogondogo zinazozaliwa baada ya mzigo kushushwa, wakati mtu hawezi tena kugeuza chombo. Ndiyo maana wakataka idadi moja, iandikwe, ifungwe.

Misafara ya bara haikuwa na mkataba wa namna hiyo. Aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora alijua bei ya kitambaa pwani, lakini hakujua atatoa hongo kiasi gani akipita Ugogo, nchi yenye maji haba, ambako kila mtawala alidai chake. Neno hongo wakati huo halikuwa na ubaya lilio nao leo. Lilikuwa malipo ya kupita yaliyotambulika, na mwenye nchi alikuwa na haki ya kulipwa kwa ajili ya visima vyake. Kilichowasumbua wasafiri ni kwamba kiasi kilipangwa upya kila mara, kwa kutazama ukubwa wa mzigo na kiu ya wapagazi.

Wakulima wa Rungwe hawahitaji kufundishwa habari hizi na watu wa misafara. Kwa miaka mingi kahawa yetu ilinadiwa Moshi, mbali na macho ya aliyeichuma. Habari ya bei ilifika, nyoyo zikafurahi. Kisha yakaja makato: usafirishaji, kukoboa, magunia, ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, mkopo wa mbolea. Kwa haki lazima tukiri kwamba mengi ya hayo ni gharama za kweli. Gunia halishonwi kwa sala, na lori halitembei bila mafuta. Lakini mkulima aliyeambiwa bei moja na kupokea nyingine, bila karatasi inayoonyesha njia iliyopita kati ya hizo mbili, hana namna ya kutenganisha gharama na wizi. Kule Liwale, mkoani Lindi, mwezi Aprili 2013, wakulima wa korosho walipoambiwa kwamba malipo yao ya mwisho ni madogo kuliko walivyotazamia, hasira ililipuka na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Kuchoma nyumba ni uovu, sina maneno mengine. Hata hivyo, kufichwa kwa hesabu ni kuni zinazokusanywa polepole.

Serikali nayo imepita katika somo hilo. Mwaka 2003 ilifuta kodi ya maendeleo pamoja na utitiri wa ushuru mdogomdogo ulioitwa kero. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kilio kilikuwa kikubwa hata Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena.

Na juu ya viazi vyetu hapa Kinyala, lumbesa ni ada iliyofichwa ndani ya gunia. Mnunuzi anataja bei ya gunia, mkulima anakubali, kisha gunia linavishwa kofia ya wavu na kujazwa hata linapita kilo 100 zinazoruhusiwa. Nabii Amosi aliwakemea watu wa namna hiyo, waliochezea vipimo huku wakingoja Sabato ipite upesi wafungue biashara.

Wengine wameniuliza juu ya magari yanayonunuliwa Japani kwa mtandao. Hapa tuwe waangalifu tusimlaumu asiyestahili. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unajulikana, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru huo. Kwa hiyo gari la shilingi 10,000,000 kufika bandarini linakuwa 14,750,000 kwa viwango hivyo viwili tu, kabla ya ushuru wa bidhaa, uchakavu na gharama za bandari. Mamlaka ya Mapato imeweka kikokotoo hadharani. Serikali haikuficha. Aliyeficha ni wakala anayejua yote hayo, akamtajia kijana nusu ya hesabu ili atume fedha kwanza, akitegemea kwamba gari likishafika bandarini mnunuzi hatakuwa na pa kukimbilia.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilichambua suala la haki katika kununua na kuuza karne ya 13. Anafundisha kwamba muuzaji anayeijua kasoro iliyofichika ya kitu chake, ambayo ingempunguzia mnunuzi thamani au kumletea hasara, anawajibika kuitaja. Hamlazimishi kutangaza kila analolijua kuhusu soko la kesho, ingawa anasema kufanya hivyo ni fadhila kubwa zaidi. Nadhani ada ya lazima inayojulikana na muuzaji peke yake imo katika fungu la kwanza, si la pili. Mnunuzi alikubali bei; hakukubali kile asichoambiwa.

Jibu langu basi ni hili. Kuongeza nauli iliyotajwa tangu mwanzo si dhambi. Kuitaja baada ya fedha kutumwa, kwa makusudi, ni udanganyifu, na kuiita “kodi” wakati haiendi Serikalini ni uongo juu ya wizi. Wapo waliokwisha kuungama na kudhani yamekwisha. Kitubio hakiondoi wajibu wa kurudisha: Zakayo alirudisha mara nne. Kama namba ya mnunuzi ingali katika simu yako, mrudishie kilichozidi, na ya kutolea uiongeze wewe. Kama hapatikani tena baada ya kumtafuta kweli, kiasi hicho kiende kwa maskini, kama Mtakatifu Thomas anavyofundisha, wala kisihesabiwe kuwa ni zaka yako.