Jiwe Tumboni mwa Gitaa

Mtu aliyekulia Kondoa miaka ile hawezi kuitazama betri kama kitu cha kutupwa. Nalisema hili mapema, ndugu msomaji, ili utakapofika mahali nilipofanya uzembe usinihukumu upesi. Kosa langu lilionekana mwaka 2016, lakini mizizi yake ilikuwa ya zamani zaidi.

Nyumbani kwetu betri za redio na tochi tuliziita mawe. Redio ya baba ilikuwa ya mawe manne makubwa, na ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama. Haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari, ikazimwa. Jumamosi jioni, baba akiwa na furaha, iliachwa kidogo kwa ajili ya muziki wa dansi.

Mwaka 1973 redio hiyo ilipata kazi ya taifa. Ndio mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na Radio Tanzania Dar es Salaam. Watu walikusanyika kwa vikundi kila wiki kwa muda wa wiki 12, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Washiriki walifika kama milioni 2 nchi nzima. Wanaoisimulia kampeni ile hutaja walimu, vitabu na watangazaji. Ni nadra kutajwa mawe. Lakini fikiri: vijiji vingi havikuwa na waya hata mmoja wa umeme, na sauti ile kutoka Dar es Salaam ilifika kwa nguvu ya betri kavu tu. Katika kikundi chetu redio ilikuwa ya baba, na mawe yalikuwa ya baba vilevile, jambo ambalo mama hakulifurahia hata siku moja.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mwaka 1949, kule Lusaka, serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini ilileta redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika, yenye umbo la mviringo kama sufuria, na aliyeitengeneza alikuwa kampuni ya betri, Ever Ready ya Uingereza. Wenye biashara ya mawe waliona mbali: redio hununuliwa mara moja, mawe hununuliwa maisha yote. Kwetu Tanzania kiwanda cha Matsushita kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, kikatengeneza redio na betri zenye jina la National. Wakenya nao walikuwa na kiwanda cha Eveready pale Nakuru, kilichofungwa mwaka 2014.

Basi tukaingia miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, hazina ilikuwa tupu, na maduka vivyo hivyo. Sabuni, sukari, kanga, mawe: vyote vilitafutwa kwa foleni au kwa kujuana. Mwaka 1983 serikali ikawasaka wahujumu uchumi, na kuna watu waliotupa bidhaa zao vichakani usiku kwa hofu. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na mshahara wangu ulikuwa na uwezo wa kununua vitu ambavyo havikuwepo.

Hapo ndipo tulipojifunza ubahili wa betri. Jiwe lililochoka halikutupwa. Lilianikwa juani juu ya bati pamoja na mihogo. Wengine waliyaweka karibu na jiko, wengine waliyachemsha, jambo la hatari nisilomshauri mtu. Na jua lilisaidia kweli, wala haikuwa ushirikina. Betri ya zinki na kaboni ikipumzishwa hurejesha nguvu kidogo, na joto huharakisha kazi ya dawa iliyomo ndani. Ulipata taarifa ya habari moja zaidi, pengine mbili. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba kila tulipolipasha moto tulikuwa tukilizeesha. Tena tulichanganya mawe mapya mawili na ya zamani mawili, tukidhani wazima watawabeba wagonjwa, kumbe wagonjwa huwamaliza wazima.

Na jiwe lililokufa kabisa nalo lilikuwa na matumizi. Shuleni tuliwaagiza watoto walete mawe mabovu. Tuliyavunja, ule unga mweusi tukauchanganya na majani yaliyopondwa, tukapaka ubao. Vizazi vizima vya nchi hii vilijifunza kusoma mbele ya ubao uliopakwa betri. Leo najua kuwa ule unga una manganizi, na si kitu cha kupondwa na mtoto kwa mikono mitupu. Wakati ule tulimsifu aliyeleta mengi.

Mdogo wangu, marehemu, alijifunza besi kwenye redio ile ile ya baba. Sikufahamu ilikuwaje mpaka aliponieleza ukubwani. Mawe yakiwa mapya, alisema, besi ilisikika nene, imetulia chini ya magitaa mengine. Mawe yakianza kuchoka, besi ndiyo iliyotangulia kukwaruza na kupotea. Mwimbaji alibaki anaimba peke yake kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Kwa hiyo yeye aliisubiri siku ya mawe mapya kama wengine wanavyosubiri Idi. Alipenda sana Afro 70 ya Patrick Balisidya, maana Balisidya alikuwa mzaliwa wa Mvumi, mkoa wetu wenyewe wa Dodoma, na mwaka 1977 alikwenda na bendi yake mpaka Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Kwa kijana wa Kondoa hilo lilitosha kumfanya aamini kuwa njia ipo.

Alikwenda Dar es Salaam, akapiga katika bendi za harusi, hakupata jina wala fedha nyingi. Katikati ya miaka ya 1990 alinunua Kariakoo gitaa la besi lililotumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya bendi iliyovunjika. Alipokuja nalo nyumbani mara ya kwanza alilipindua, akafungua kifuniko kidogo cha plastiki mgongoni.

"Kaka," akaniambia, "hili lina jiwe tumboni."

Lilikuwa na betri ndogo ya mraba, ya volti 9. Nilishangaa. Gitaa la umeme nililolijua mimi lilipata uhai wake kutoka kwenye amplifaya tu. Akanifundisha. Gitaa la kawaida lina sumaku na nyaya zilizosokotwa chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika hutoa umeme mdogo mno, na umeme huo hupoteza ukali wake ukisafiri kwenye waya mrefu. Ndivyo yalivyokuwa mabesi tangu Leo Fender alipoleta besi yake ya umeme mwaka 1951. Baadaye, huko California, mafundi wa Alembic, kampuni iliyoanza mwaka 1969, wakaweka kikuza sauti kidogo ndani ya mwili wa gitaa lenyewe, kinachoendeshwa kwa betri, ili sauti itoke tayari ina nguvu. Mwaka 1976 Music Man wakatoa StingRay, besi ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani. Lile la mdogo wangu lilikuwa la ukoo huo, japokuwa si la jina kubwa.

Akanionyesha na siri yake. Gitaa hili halina swichi ya kuwashia. Swichi yake ni tundu la waya. Ukichomeka waya, hata kama waya huo haujaunganishwa na kitu upande wa pili, betri inaanza kufanya kazi. Ukiuacha umechomekwa usiku kucha ni sawa na kulala umewasha tochi. Alikuwa mkali juu ya hilo. Akimaliza wimbo wa mwisho, kabla hata ya kunywa maji, alichomoa waya.

Alirudi Kondoa akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 2013. Siku zake za mwisho alikuwa akilipiga taratibu kitandani, akitumia amplifaya ndogo, na mara ya mwisho hakuwa na nguvu ya kuchomoa. Sisi tuliondoa amplifaya, ilikuwa ya kuazima. Lakini waya ulibaki umechomekwa kwenye gitaa, na mimi sikuugusa. Niliona ni mkono wake uliouweka pale. Nikalitia gitaa kwenye mfuko na waya wake, nikalitundika chumbani, chini ya bati. Na betri? Ilikuwa bado nzima. Nani aliyekua kama mimi angetoa jiwe zima na kulitupa?

Miaka mitatu haikufunguliwa zipu ile.

Mwaka 2016 mwanawe alimaliza kidato cha nne akaja. "Shikamoo, baba mkubwa." Nikamwitikia. Akakaa, akazunguka na maneno ya shule na mvua, mwishowe akasema, "Baba mkubwa, nilikuwa naomba lile gitaa la baba." Nilifurahi kuliko alivyodhani. Nililishusha mwenyewe. Tulipofungua kifuniko cha mgongoni hatukukuta betri, tulikuta uvimbe. Ganda lilikuwa limepasuka, unga mweupe umetapakaa, na nyaya zimeota kutu ya kijani iliyokuwa imepanda mpaka kwenye kibao cha saketi. Kijana hakusema neno. Mimi nilitoka nje nikasimama kidogo.

Fundi wa Dodoma aliyelipokea alikuwa mtu mwenye subira. Alinieleza kwamba waya uliochomekwa ndio uliinyonya betri mpaka tone la mwisho, na betri ya alkali iliyonyonywa kabisa kisha ikaachwa huzidi kutoa gesi ndani mpaka ipasuke, ikamwaga dawa inayounguza. Joto la bati liliongeza haraka. Alisafisha kwa pamba na siki kidogo, kwa kuwa dawa ile ni ya alkali. Kwa betri za zinki za zamani angetumia magadi, kwa sababu umajimaji wa zile una asidi. Na zile za zamani huvuja kwa sababu nyingine: ganda lake la zinki ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Betri inakula nyumba yake. Niliposikia hilo nilikumbuka kabati la mama na madoa ambayo hakuna aliyeweza kuyatoa.

Kikuza sauti hakikupona. Fundi aliunganisha nyaya zipite pembeni, gitaa likapigwa bila betri. Lilitoa sauti, lakini si ile. Wepesi wa juu ulikuwa umeondoka. Mwanawe alilipiga hivyo kwa miaka mitatu, mpaka mwaka 2019 alipopata kibao kingine Dar es Salaam.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa betri nikiwa na mvi. Kwa gitaa la besi, alkali ya volti 9 inafaa kuliko ile rahisi ya zinki: inakaa na nguvu zaidi, na kikuza sauti hula kidogo sana, hivyo ikitunzwa hufika mamia ya saa. Ya lithiamu hudumu zaidi ila bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Ya kuchaji mara nyingi haitimizi volti 9 kamili. Mwanangu huyu ana mita ndogo: betri mpya husoma juu kidogo ya volti 9, na ikishuka kukaribia 7 na nusu hangojei ianze kukwaruza. Kuna magitaa yanayotumia betri 2 kwa pamoja, volti 18, na hapo hubadilishwa zote siku moja. Mimi niliyekuwa nikichanganya mawe ya redio nililisikiliza hilo kimya. Na dukani sasa nageuza kila betri nitafute tarehe, hata kama muuzaji ananitazama vibaya. Betri iliyokaa dirishani juani mwaka mzima haina mapya, hata ganda likimetameta namna gani.

Kuhifadhi ndiko kulikonitisha zaidi. Betri hii ya mraba ina vichwa vyote viwili upande mmoja, karibu karibu. Funguo au sarafu ikivigusa vyote kwa pamoja, hupata moto mfukoni mwako. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zikivigusa huwaka moto kabisa. Nimelijaribu uani, mbele ya wajukuu, nao walishangilia, na mama yao akanigombeza kwa haki. Kwa hiyo zetu tumezibandika utepe wa plastiki vichwani, hata zilizokwisha, maana zilizokwisha nazo zina masalio. Zinakaa ndani ya kopo la plastiki, mahali pakavu, sakafuni na si chini ya bati. Friji haifai, unyevu wake ni adui.

Mwezi uliopita kijana alikuja kupiga kwenye harusi ya jirani. Alipomaliza, watu wakiwa bado wanashangilia, aliinama akachomoa waya. Kisha akafungua kifuniko, akatoa jiwe, akanipa nishike wakati anatafuta mfuko wake. Lilikuwa vuguvugu kidogo, kwa joto la mwili wake tu.